Rozela, kakao na presha: kinacholegeza mshipa na kinachofika mshipani

Mtu akipimwa presha akakutwa na 150 kwa 95, hafiki nyumbani kabla hajapata ushauri wa bure. Jirani atamwambia anywe rozela, ile ambayo wengine huiita choya. Shemeji atamtumia ujumbe wa simu kuhusu majani ya mpera. Mwingine atamletea unga wa mlonge, au kopo la kakao aliloambiwa ni halisi. Daktari naye amemwandikia amlodipini na kumwonya asiache. Kati ya ushauri wote huo, ule wa mimea ndio unaopokewa kwa moyo mweupe: hauna foleni, una ladha, na kila mtaa una mtu wake anayesemekana alipona nao.

Madaktari wengi huupuuza ushauri huo, na wauzaji wa dawa za asili huutukuza. Pande zote mbili zinakosea, ingawa si kwa kiasi kimoja. Mimea hiyo ina kundi la kemikali liitwalo flavonoidi, na flavonoidi kweli hulegeza mishipa ya damu. Jambo hilo limeonyeshwa maabara mara nyingi mno, kulibishia sasa ni kupoteza muda. Ugumu uko kwingine. Je, kile kinacholegeza mshipa maabara ndicho kinachofika kwenye mshipa wa mtu aliyekunywa glasi ya juisi? Na kikifika, presha inashuka kwa kiasi gani? Watu husomewa jibu la swali la kwanza wakadhani wamejibiwa yote.

Swali lenyewe si dogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28, wa umri wa miaka 30 hadi 79, wana shinikizo la juu la damu, na theluthi mbili yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, yaani ateri, una kuta zenye matabaka. Ndani kabisa, pale damu inapogusa, kuna utando wa seli zilizopangwa safu moja tu. Utando huo huitwa endotheli. Nje yake ipo misuli laini inayouzunguka mshipa. Misuli hiyo ikikaza, njia ya damu hubana na presha hupanda. Ikilegea, njia hupanuka. Anayeamua ni kalsiamu. Ikijaa ndani ya seli za misuli, seli hujikunja. Ikipungua, seli hunyooka. Amlodipini na naifedipini hushusha presha kwa kuziba milango ambayo kalsiamu huingilia.

Kwa miaka mingi endotheli ilihesabiwa kuwa ni bitana tu, kitu cha kuzuia damu isivuje. Aliyeipandisha cheo ni Robert Furchgott, mtaalamu wa dawa aliyekuwa akifanya kazi Brooklyn, New York. Yeye alikuwa akipima aota za sungura, yaani ateri kuu itokayo moyoni, na kwa miaka mingi kemikali iitwayo asetilikolini ilikuwa ikizikaza aota hizo, ilhali kwa mnyama mzima asetilikolini ileile hushusha presha. Kitendawili hicho kilifumbuliwa alipogundua kuwa namna yake ya kuandaa vipande vya mshipa ilikuwa ikiusugua utando wa ndani na kuung'oa. Utando ulipoachwa salama, asetilikolini ililegeza. Mwaka 1980 yeye na John Zawadzki walichapisha matokeo hayo: misuli hailegei yenyewe, endotheli ndiyo inayotoa kitu kinachoiamuru ilegee.

Kitu hicho kilitafutwa kwa miaka saba. Mwaka 1987 kundi la Salvador Moncada huko Beckenham, kusini mwa London, na Louis Ignarro huko Los Angeles, walionyesha kuwa ni nitriki oksaidi, gesi ambayo kabla ya hapo watu waliijua kama moshi mchafu wa magari. Mwaka 1998 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Ferid Murad, ambaye mwaka 1977 alikwishaonyesha kuwa nitrogliserini hutoa gesi hiyohiyo. Moncada aliachwa nje, na wako wanasayansi wanaolinung'unikia jambo hilo hadi leo, mimi nikiwa upande wao. (Alfred Nobel mwenyewe alitajirika kwa baruti ya nitrogliserini, na uzeeni daktari wake akamwandikia nitrogliserini kwa ajili ya moyo.)

Gesi hiyo huishi sekunde chache tu. Hutengenezwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya endotheli, kwa kutumia asidi amino iitwayo arginini, kisha hupenya hadi kwenye misuli ya jirani na kuwasha mlolongo ambao mwisho wake ni kalsiamu kupungua. Mtu mwenye afya huitengeneza usiku na mchana. Sigara, kisukari, umri na presha yenyewe huipunguza. Flavonoidi zinaingia hapa.

Flavonoidi ni familia ya maelfu ya kemikali zenye umbo la msingi moja: kaboni 15, zikiwa pete mbili zilizounganishwa na daraja la kaboni tatu. Mmea huzitumia kujipaka rangi, kujikinga na jua na kuwafukuza wadudu. Wekundu wa rozela ni anthosiani. Kitunguu chekundu kina kwesetini kwa wingi, hasa magamba ya nje yale tunayoyatupa. Chai mbichi na kakao zina katekini na ndugu yake epikatekini. Chungwa lina hesperidini, iliyo nyingi zaidi kwenye ule utando mweupe chini ya ganda.

Kuzihusisha na mishipa si jambo la jana. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi, yule Mhungari aliyepata Nobel mwaka uliofuata kwa kazi iliyohusu pia vitamini C, alidai pamoja na mwenzake István Rusznyák kwamba flavonoidi kutoka kwenye limau na pilipili hoho huimarisha mishipa midogo isivuje damu. Wakaziita vitamini P. Madai yao hayakusimama, maana hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa kukosa flavonoidi, na jina hilo likaachwa. Kisha kemikali hizo zikakaa kimya kwa muda mrefu.

Zilirudi kwa kishindo mwaka 1993, na njia iliyozirudisha inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa karibu kila dai linalosomwa magazetini kuhusu "mmea unaolegeza mishipa" limetoka kwenye chombo hiki kimoja. Aota ya panya hukatwa kwa upana kama mtu akatavyo bamia, zikapatikana pete za milimita chache. Pete moja hupitishwa vyuma viwili vyembamba, kimoja kimefungwa chini, kingine kimeunganishwa na kipimo cha mvuto. Inatumbukizwa kwenye maji ya chumvi na sukari yenye joto la nyuzi 37, huku oksijeni ikibubujishwa ndani. Pete hiyo hubaki hai kwa saa kadhaa. Mtafiti anadondosha dawa ya kuikaza, na mstari kwenye grafu unapanda. Ukishatulia juu, anadondosha dondoo ya mmea. Mstari ukishuka, mshipa umelegea. Kisha anachukua pete nyingine, anaisugua ndani ili kuing'oa endotheli, na kurudia yote. Safari hii mstari ukigoma kushuka, basi dondoo ile ilikuwa ikifanya kazi kupitia endotheli.

David Fitzpatrick na wenzake huko Florida walifanya hivyo kwa divai, juisi ya zabibu na maganda ya zabibu. Pete zenye endotheli zililegea, zilizosuguliwa hazikulegea. Walipoongeza kemikali inayozuia kimeng'enya cha nitriki oksaidi, kulegea kuliisha. Nyama ya ndani ya zabibu haikufanya kitu. Nguvu ilikuwa kwenye ganda, na pombe haikuwa na mkono katika jambo hilo.

Mwaka huohuo kundi la Juan Duarte na Francisco Pérez-Vizcaíno, Hispania, lilitoa picha tofauti. Wao hawakutumia juisi. Walichukua flavonoidi safi, mojamoja, na kuzipanga kwa nguvu zake. Kwesetini na jamaa zake ziliongoza, zikifuatwa na apijenini na luteolini, na katekini zikawa mkiani. Zaidi ya hapo, kwesetini ililegeza hata pete isiyo na endotheli. Yaani iliigusa misuli yenyewe moja kwa moja.

Kwa hiyo hakuna njia moja. Epikatekini ya kakao na flavonoidi za zabibu hupitia zaidi kwenye endotheli: huamsha mnyororo wa protini unaokiwasha kimeng'enya cha nitriki oksaidi. Kwesetini hufanya hivyo kwa kiasi, lakini pia huingilia mashine ya kukaza iliyo ndani ya misuli. Nyingine hufungua milango ya potasiamu, ambayo ikifunguka kalsiamu hukosa mlango. Rozela ina njia yake ya ziada: anthosiani zake hupunguza kasi ya kimeng'enya kile kile ambacho vidonge vya kaptoprili na lisinoprili huzuia, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko vidonge hivyo. Anayeuza unga wake kwa kusema "una flavonoidi" hajasema kitu bado. Ni sawa na kusema una kemikali.

Iko njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza mengi kuliko zote. Nitriki oksaidi ina adui, nayo ni superoksaidi, aina ya oksijeni kali inayotengenezwa kwa wingi kwenye ukuta wa mshipa uliochoka. Zikikutana, nitriki oksaidi huangamia kabla haijafika kwenye misuli. Wauzaji hupenda kusema flavonoidi "zinafagia sumu" hiyo. Hesabu haikubali. Kwenye damu, vitamini C na asidi ya yuriki zimezizidi flavonoidi mara nyingi mno; kama ni kufagia, wafagiaji wapo tayari. Kinachoonekana ni kwamba epikatekini, ikishabadilishwa na mwili, hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza superoksaidi. Wanasayansi wa Düsseldorf, Ujerumani, walilieleza hilo mwaka 2007. Flavonoidi haziondoi uchafu, zinafunga bomba linaloutoa, na kwa kazi hiyo kiasi kidogo chaweza kutosha.

Na kiasi hakika ni kidogo. Maabara, pete ya aota huogeshwa kwenye kwesetini ya mikromoli 10, 50, hata 100 kwa lita. Katika damu ya mtu aliyekula chakula chenye flavonoidi nyingi, kiwango chake kwa kawaida hakifiki mikromoli 1. Anthosiani hali yake ni duni zaidi: sehemu inayoingia kwenye damu ikiwa bado na umbo lake la asili ni chini ya asilimia 1 ya iliyonywewa. Tena hata hicho kinachoingia hakiingii salama. Utumbo na ini huitia flavonoidi vibandiko vya sukari na salfeti ili itoke kwa mkojo, na bakteria wa utumbo mpana huvunjavunja kilichobaki kuwa vitu vingine kabisa. Mtafiti anayemwaga kwesetini safi juu ya mshipa anapima kitu ambacho mshipa wa binadamu karibu haukutani nacho.

Hapo wengi walitaka kufunga faili. Hata hivyo kundi lile la Duarte na Pérez-Vizcaíno halikukata tamaa. Walionyesha kuwa kwesetini iliyobandikwa sukari husafiri kwenye damu bila kufanya kazi, lakini ikifika kwenye ukuta wa mshipa, kimeng'enya kilichopo hapo huweza kukibandua kibandiko na kuiacha huru. Basi kiwango cha kwenye damu hakisemi yote yanayotokea mshipani. Maelezo hayo yananishawishi, ingawa mengi ya majaribio yake ni ya panya.

Njia kutoka shambani hadi kikombeni nayo hula sehemu yake, na hapa Afrika Mashariki ina la kusema. Kakao ya Tanzania hutoka zaidi Kyela, Mbeya. Punje zikivunwa huvundikwa siku kadhaa ili zipate ladha, kisha huanikwa. Katika kuvundika huko sehemu kubwa ya epikatekini hupotea. Kukaanga kiwandani kunaongeza hasara. Kisha baadhi ya viwanda huutia unga wa kakao alkali ili uwe mweusi, usiwe mchungu na ukorogeke vizuri, ufundi unaotokana na Mholanzi Coenraad van Houten wa karne ya 19. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Marekani lilipima unga wa aina mbalimbali: ule usiotiwa alkali ulikuwa na wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli, yaani epikatekini na jamaa zake, kwa gramu, uliotiwa kidogo 13.8, uliotiwa nyingi 3.9. Maana yake, kopo jeusi lenye harufu tamu laweza kuwa na sehemu ya tisa tu ya kile kilichomo kwenye kopo la rangi ya udongo mwekundu lisilovutia. Chokoleti ya dukani, iliyojaa sukari na maziwa, sina haja ya kuizungumzia.

Chai nayo ina simulizi yake. Jani likisagwa na kuachwa lichachuke, kimeng'enya chake hugeuza katekini kuwa kemikali nyingine zenye rangi nyekundu ya chai tuijuayo. Kenya, mwaka 2011, Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Kericho ilitoa aina ya TRFK 306, chai ya zambarau yenye anthosiani kwenye majani. Lakini hata chai ya kawaida nyeusi ina kitu. Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliwapa watu 95 vikombe 3 kwa siku kwa miezi 6, au kinywaji kinachofanana nayo chenye kafeini ileile, na presha ya waliokunywa chai ilikuwa chini kwa milimita 2 hadi 3 za zebaki. Kuhusu maziwa, mwaka 2007 hospitali ya Charité, Berlin, iliwapima wanawake 16: chai ya rangi ilipanua ateri ya mkono, chai ileile ikitiwa maziwa asilimia 10 haikuipanua. Protini ya maziwa hushikamana na katekini. Watafiti wa Uholanzi kabla yao walikuwa wameona kuwa maziwa hayazuii katekini kuingia kwenye damu, kwa hiyo kesi haijaisha, ila chai yetu inayochemshwa nusu kwa nusu na maziwa ina maziwa mengi kuliko kile kikombe cha Berlin. Ndizi ina ujanja wake pia. Mwaka 2023 ilionyeshwa kuwa kinywaji cha kusaga chenye ndizi hupunguza kwa asilimia 84 flavanoli zinazoonekana kwenye damu, ukilinganisha na kumeza kidonge cha flavanoli, kwa kuwa kimeng'enya kinachoigeuza ndizi nyeusi huzila flavanoli hizo. Anayechanganya kakao na ndizi kwa ajili ya moyo wake anajihujumu.

Sasa binadamu. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Wakuna, wenyeji wa visiwa vya San Blas, Panama. Tangu mwaka 1944 ilijulikana kuwa presha zao ziko chini na hazipandi uzeeni. Miaka ya 1990 Norman Hollenberg wa Harvard aliona kuwa Wakuna wakihamia Jiji la Panama presha hupanda kama ya wengine, basi si damu ya ukoo. Akaiona kakao wanayokunywa visiwani. Habari hiyo ilizunguka dunia. Kilichozunguka kidogo ni kwamba utafiti huo ulifadhiliwa na kampuni ya Mars, na kwamba mwaka 2012 mwanaanthropolojia James Howe, aliyeishi na Wakuna, aliandika kuwa kinywaji chao cha kila siku zaidi ni cha ndizi, na kakao haikuwa nyingi kiasi kinachodaiwa. Mimi kisa hiki sikitumii kama ushahidi. Kinafaa kuwa chanzo cha swali.

Ushahidi mzuri zaidi ulitoka kwenye majaribio ya moja kwa moja. Namna ya kupima ni rahisi: mkono hufungwa kwa mkanda wa presha kwa dakika 5, damu ikakatika, kisha mkanda hufunguliwa. Damu ikirudi kwa kasi, endotheli yenye afya hutoa nitriki oksaidi na ateri hupanuka; ultrasaundi hupima imepanuka kwa asilimia ngapi. Mwaka 2006 Hagen Schroeter na wenzake walionyesha kuwa kakao yenye flavanoli nyingi huongeza kupanuka huko, kisha wakawapa watu epikatekini safi na kupata kitu kilekile. Walipowachoma dawa inayozuia nitriki oksaidi, faida ya kakao ilitoweka. Mlolongo wa Furchgott, uliogunduliwa kwa aota ya sungura, ukawa umeonekana kwenye mkono wa mtu aliye hai. Umoja wa Ulaya ukaruhusu maandishi kwenye bidhaa kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa kupanuka. Mamlaka ya chakula ya Marekani, mwaka 2023, ilikubali dai la kakao na moyo, kwa sharti kwamba litamke kuwa ushahidi ni mdogo sana. Kwa maneno hayo Wamarekani wamekuwa waungwana zaidi.

Kupanuka kwa ateri ni jambo moja, kushuka kwa presha ni jingine. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 35 yenye watu 1,804, na kukuta kakao inashusha presha kwa wastani wa milimita 1.76 za zebaki. Kwa rozela namba ni kubwa kidogo: Boston, mwaka 2010, watu 65 wenye presha ya juu kidogo walikunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, na namba ya juu ikashuka kwa 7.2, dhidi ya 1.3 kwa waliopewa kinywaji cha kufananisha. Kwesetini ilijaribiwa Utah mwaka 2007 kwa miligramu 730 kwa siku kwa siku 28. Waliokuwa na presha ya juu walishuka kwa milimita 7, na ambao presha yao ilikuwa mpakani hawakushuka. Kitunguu chekundu kina kama miligramu 40 kwa gramu 100. Anayetaka kiwango cha Utah kwa kachumbari atafute karibu kilo 2 za vitunguu kila siku.

Kidonge kimoja cha presha kwa kipimo cha kawaida hushusha namba ya juu kwa wastani wa milimita 9. Kakao inashusha chini ya 2. Kwa mgonjwa wa 170 kwa 105, tofauti hiyo ya 2 haibadili kitu. Lakini takwimu kubwa zilizokusanywa mwaka 2002 kutoka kwa watu karibu milioni moja zinaonyesha kuwa presha ikiwa chini kwa milimita 2 tu kwa watu wa umri wa kati, vifo vya kiharusi huwa chini kwa takriban asilimia 10. Kwa taifa zima, basi, kikombe cha chai kisicho na sukari ni sera ya afya. Kwa mtu mmoja aliyekwishaugua, ni kinywaji. Wanaogombana kuhusu mimea na presha mara nyingi mmoja anazungumzia taifa na mwenzake anamzungumzia mgonjwa.

Jaribio kubwa kuliko yote, COSMOS la Marekani, lilitoa matokeo mwaka 2022. Wazee 21,442 walipewa miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku au kidonge kisicho na kitu, wakafuatiliwa kwa muda wa kati wa miaka 3.6. Jumla ya matukio ya moyo na kiharusi ilipungua kwa asilimia 10, tofauti ambayo kitakwimu yaweza kuwa bahati tu. Vifo vya maradhi ya moyo na mishipa pekee vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Waliofadhili, Mars tena, walishangilia namba ya pili. Swali ambalo jaribio lilipangwa kulijibu ni la kwanza, na jibu lake halikutoka wazi. Ni haki kusema flavonoidi zinatia matumaini. Si haki kusema zimethibitishwa kuzuia mshtuko wa moyo.

Nami siamini kuwa kidonge cha flavonoidi kitakuja kuwa dawa ya presha ya maana. Mlo mzima umefanya vizuri zaidi. Jaribio la DASH la mwaka 1997, la matunda na mboga nyingi, maziwa yenye mafuta kidogo na mafuta machache kwa jumla, liliwashusha wenye presha kwa milimita 11.4, na humo flavonoidi zilikuwa pamoja na potasiamu na vitu vingine ambavyo hakuna aliyevitenganisha. Hata mchicha una nitrati, ambayo bakteria wa ulimi huianzishia safari ya kuwa nitriki oksaidi, bila flavonoidi kuhusika. Mboga inayouzwa fungu sokoni ina njia mbili za kulegeza mshipa. Unga wa kopo una moja.

Na mimea haikosi hatari. Mwaka 1989 David Bailey, huko London ya Kanada, alikuwa akipima kama pombe huathiri dawa ya presha iitwayo felodipini, akatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Kiwango cha dawa kwenye damu kikaruka juu. Kwanza ilishukiwa flavonoidi ya balungi, naringini. Baadaye ikajulikana wahalifu ni kemikali nyingine za tunda hilo zinazozima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa. Naifedipini nayo huathirika. Rozela kwa upande wake, ikiwa inazuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na lisinoprili, ikinywewa pamoja na kidonge hicho yaweza kushusha presha kuliko ilivyokusudiwa, na mzee anayeamka kitandani ghafla akaanguka.

Kwa hiyo, wewe unayetumia dawa za presha: rozela kunywa, ila isiyo na sukari ile inayomwagwa kuficha uchachu, na mwambie anayekuandikia dawa kwamba unainywa, mara ngapi kwa siku na kwa muda gani. Balungi liache kama uko kwenye naifedipini au felodipini. Nunua kakao isiyotiwa alkali, kama lebo inasema hivyo, na usiisage na ndizi. Kipimo kikionyesha 125 kwa 80, usikitupe kidonge kwa kudhani mmea umeshika kazi; kwa walio wengi namba hiyo ni ya kidonge, na kidonge kikikatishwa presha hurudi ilikokuwa.